Ndiga Zisizoonjwa

Kuamini si kuonja. Mmemsikia bibi yenu akisema hivyo jikoni, nanyi mkacheka. Basi acheni kicheko, maana msemo huu ulitoka msibani. Sikilizeni ulivyoanza.

Mwaka mmoja wa njaa watu walichimba ndiga, viazi vya mwituni vyenye sumu. Ndiga hukatwa vipande, hulowekwa mtoni siku tatu, kisha mpishi hugusisha kipande ulimini. Kikiwa kichungu, zote hurudi majini. Lakini mwaka ule mwanamke aliyetia kitu mdomoni kabla ya watoto aliitwa mlafi. Kuonja kukaachwa, kwa aibu tu.

Somoe alikuwa na mtoto mmoja, Abilahi, wa miaka minne, aliyelia njaa hadi sauti ikamkauka. Asubuhi moja wifi yake, Nambuta, akaleta kikapu cha ndiga kutoka mtoni.

"Wifi, hizi zimetoka sumu?"

"Mama kasema zimetoka. Naamini."

Somoe akapika. Mumewe akachungulia sufuria. "Zimeonjwa?"

"Nina hakika nazo."

Hakuwa na hakika. Alikuwa na mtoto mwenye njaa, na mzazi huvichanganya vitu hivyo upesi. Abilahi alipakuliwa kwanza, akala akichekacheka. Hata wakubwa hawajanawa mikono, akaanza kutapika na kukakamaa. Alasiri walimzika.

Watu waliporudi kutoka makaburini, Somoe alimgeukia wifi yake. "Uliniambia zimetoka."

"Nilisema naamini, wifi yangu. Mama ndiye aliyesema zimetoka."

Mama mkwe akajifunika kanga usoni. "Mimi nilisema nadhani, mwanangu. Hesabu ya siku ilinipotea."

Hakuna aliyekusudia kudanganya, na hilo ndilo linaloniuma kila nikisimulia. Neno lilitoka kwa mama mkwe likiwa dhana, kwa wifi likawa imani, kwa Somoe likawa hakika. Kote huko halikuongezewa kitu ila sauti, wala ulimi wa mtu haukugusa kipande kimoja.

Somoe hakumlaumu yeyote. Aliinuka akaenda jikoni, ambako sufuria ilikuwa bado haijamwagwa. Akachukua kipande, akakigusisha ulimini mbele ya wanawake wote. Kilikuwa kichungu kama shubiri, uchungu ambao njaa ya Abilahi haikuuona. Akatema.

"Ningejua kabla hata sijawasha moto," alisema. "Jamani, kuamini si kuonja."