Ndama wa Kidani

Hapo zamani, zamani ile ng'ombe alipoheshimiwa kuliko mwenye ng'ombe, juu ya vilima vya Taita aliishi mjane aitwaye Mghoi. Alikuwa na mbuzi wachache na haja moja tu: afe akiwa na zizi lake. Msimcheke. Siku zile nyumba isiyo na ng'ombe hata salamu ilipita kando.

Siku ya mnada akamwona Kidani, ng'ombe mzee mwenye mstari mweupe shingoni. Meno yalikuwa yamekwisha, na mchinjaji alikwisha kushika kamba. Mwuzaji akapaza sauti: "Msitazame mdomo, tazameni tumbo! Ana mimba huyu!" Macho yote yakaenda tumboni. Mghoi akatoa mbuzi wake wote, akaondoka na bibi kizee wake, watu wakicheka. Lakini katika umati ule wote hakuna aliyeinama kushika kiwele.

Mghoi hakuwa na majani. Akampeleka Kidani kwa shemeji yake Kisombe, mwenye shamba la majani ya nepia, kwa desturi ya pale: ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa ni ya mfugaji. Wakapeana mikono.

Kiangazi kikaingia. Ng'ombe asiye na meno atatafunaje majani makavu? Kisombe akakata kwa panga mpaka yakalainika kama mboga, akachanganya na pumba na maji ya uvuguvugu, akalisha. Kidani akishindwa kuinuka, akamwinua kwa bega. Kesho yake tena: akakata, akachanganya, akalisha, akainua. Mkewe akamtania, "Mimi mkeo hujanipikia hata siku moja!"

Kidani akazaa ndama jike, mzuri, mwenye mstari ule ule shingoni. Kisombe akaja mbio na kibuyu, akakamua. Pakavu. Ugonjwa wa zamani ulikuwa umekwisha kuua chuchu zote.

Ndama akalia kutwa. Wakesho, jirani, akasikia. Ng'ombe wake naye alikuwa amezaa wiki ile. Bila kuombwa akamchukua ndama yule, akamnyonyesha dang'a kwa ng'ombe wake, maziwa yale ya kwanza ambayo ndama akiyakosa hafiki mbali. Akaendelea kumnyonyesha mpaka akaanza kula majani. Watoto wa Wakesho wakanywa chai ya rangi, na ndama wake mwenyewe akabaki mbavu nje.

Mghoi alipokuja na kamba kuchukua ndama wake, akawakuta wenzake wawili mlangoni mwa zizi la Kisombe, ndama katikati yao.

"Ndama ni wangu," akasema. "Nisingetoa mbuzi wangu, mama yake angekuwa mchuzi, na huyu angefia tumboni. Sina kingine, shemeji. Hata mbuzi wa kunililia nyuma ya nyumba sina."

"Nakuonea huruma, shemeji," akasema Kisombe. "Lakini tulipatana maziwa, na maziwa sikuyaona. Mchumia juani hulia kivulini. Mimi kivuli changu kiko wapi?"

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," akasema Wakesho. "Mwili wote wa ndama huyu ni maziwa ya wanangu. Ni kweli hamkuniomba. Ningengoja kuombwa, leo mngekuwa mnagombea ngozi."

Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo lililowauma.

Mara, nyuma yao, Kidani akajaribu kuinuka, akashindwa. Ndama akamwendea, akamlamba uso. Watatu wale wakaona haya. Tangu asubuhi walimdai ndama. Mama yake hakuna aliyemtaja. Mghoi akaingiza bega upande huu, Kisombe upande ule, Wakesho akashika mkia. Wakamwinua.

Wakesho akasema akihema, "Basi, atakayemchukua ndama amchukue na mama yake. Amkatie majani, amwinue kila asubuhi, mpaka siku yake ifike."

Mghoi, asiye na majani, akasema, "Nakubali."

Kisombe, ambaye bega lake lilikwisha kuchubuka, akasema, "Nakubali."

Wakesho akawakumbuka wanawe na chai yao ya rangi, akasema, "Nami nakubali."

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Haya, ninyi mlio wepesi wa kuhukumu, msiangalie chini sasa: Kidani akimbilie zizi lipi? Na ndama yule, je, nani alimstahili?