Kabula Hayupo

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini? Pakawa masikio, na yenu yafungueni.

Hapo kale palikuwa na mrina asali, jina lake Machibya. Mkewe Nyanzobe alikuwa mfinyanzi, na binti yao mmoja tu, Kabula. Wakaachana. Msiniulize nani alianza, hata wenyewe walichoka kuulizwa. Nyanzobe akarudi kwao ng'ambo ya mto na mtoto wake. Ikakubaliwa kila mwezi ukiandama, Kabula aende kwa baba.

Alienda mara mbili. Mara ya tatu akagoma.

Machibya akavuka mto na kibuyu cha asali. Kabula kumwona tu, akajitumbukiza ndani ya kihenge kitupu cha kuwekea mtama, kilichokandikwa udongo.

"Kabula wangu, toka nikuone."

"Kabula hayupo," kikajibu kihenge.

Mwezi wa pili akaja na kanga mpya. Ilikuwa imelala chumbani kwake pamoja na vienge vya kufukizia nyuki.

"Kabula wangu, toka nikuone."

"Kabula hayupo."

Machibya akaumia sana. Akawaza: huyu kajazwa maneno na mama yake. Nanyi mngesema vivyo hivyo, nawajua.

Mwezi wa tatu akaja mikono mitupu. Akaketi chini, akaegemea kihenge.

"Mama amekukataza?"

"Hapana."

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Sauti ikatoka, ndogo.

"Nikitoka kwako nanuka moshi wa nyuki. Mama akininusa, hali chakula. Anavunja chungu alichokwisha kufinyanga, anasema kina ufa. Hakina ufa, baba. Na nikija kwako unaniuliza nani anamtembelea mama. Nikikujibu, nawe huli."

Machibya akanusa viganja vyake. Asali yake ilinuka moshi, kanga yake ilinuka moshi.

Nyanzobe alikuwa nyuma ya nyumba, amesikia yote. Akaja, udongo umemkaukia mikononi, analia.

"Nenda na baba, Kabula. Ukirudi nitakula."

"Nami sitauliza tena," akasema Machibya.

Wakangoja. Kabula hakutoka. Mlitaka atoke? Hata mimi.

Ila pale udongo wa kihenge ulipobanduka, kikapenya kidole kimoja. Machibya akakishika, akakaa nacho mpaka jua likazama.

Hadithi nimeitua hapa. Kama imewafaa, ni yenu. Kama imewauma, uchungu niachieni mimi niliyeileta.