Mkate wa Ukutani

Ndugu zangu, leo niruhusuni niwapeleke Misri. Si hii ya leo yenye magari na maghorofa, ni ile ya kale, ya watu waliochonga makaburi yao mlimani wakiwa bado wazima wa afya. Tutarudi mapema, walioacha maharage jikoni wasiwe na wasiwasi.

Kulikuwa na mchongaji mmoja wa mawe, kifungua mimba wa mama mjane. Mama huyo alikuwa haoni, mchana na usiku alivitofautisha kwa joto la jua usoni. Na kule kwao kifungua mimba alikuwa na wajibu usio na mchezo: mzazi akifa, yeye ndiye humpelekea mkate na pombe ya shayiri kaburini, ili asikae na njaa huko aliko. Utaniuliza, na huyo mtoto naye akifa? Hilo walilifikiria. Walichonga kwenye ukuta wa kaburi sura ya mtoto akimpa mzazi wake mkate. Mtoto wa damu na nyama atakufa, lakini yule wa ukutani, waliamini, hatashusha mkono wake kamwe.

Huyu mchongaji alimpenda mama yake. Nataka mlijue hilo mapema, msije mkamchukia bure. Alimpenda hasa, na kwa mapenzi hayo akaamua kumchongea kaburi ambalo hata wenye vyeo watalionea wivu. Alfajiri anapanda mlimani mama hajaamka, anarudi mama ameshalala. Mchana kutwa mama anaketi mlangoni, anasikiliza nyayo za wapita njia. Mkwewe, mke wa mchongaji, akipita na mtungi, mama anamuuliza, "Mwanangu amerudi?"

"Bado, mama. Yuko kwenye kaburi lako."

Mama anacheka kidogo. Baada ya muda anauliza tena.

Siku moja yule mke akamwambia mumewe, "Kaka," na msinikodolee macho, kule mke alimwita mumewe kaka na mume akamwita mkewe dada, ndiyo yalikuwa mapenzi yao. "Kaka, kesho kaa nyumbani. Mama anakuulizia mpaka naishiwa majibu."

"Dada yangu, nimefika kwenye mkono," akasema mume. "Ule mkono wenye mkate. Nikimaliza, nitakaa naye mpaka anichoke."

Mnalijua neno hilo? Tunalijua. Nikimaliza.

Mke hakubishana. Asubuhi akampandisha mama mkwe juu ya punda, wakapanda mlima polepole, maana mama mwenyewe alikuwa ameomba: "Kama nyumba yangu imehamia huko, nipeleke nikaione." Mwanawe alipowaona akafurahi mno. Akamshika mama mkono, akamwingiza ndani kwenye ubaridi, akaviweka vidole vyake ukutani.

Vidole vikaanza kutembea. Vikapita kwenye nywele, kwenye paji la uso, kwenye shavu.

"Msichana huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama. Wazazi tunawachonga wakiwa vijana, ndiyo desturi."

"Shavu halina kikunjo hata kimoja," mama akasema, akicheka. "Huyu hajawahi kulea."

Mwana naye akacheka. Vidole vikaliacha shavu, vikapita mahali patupu, vikakutana na mkono wa mwanamume. Mama akaupapasa hadi kwenye mkate, kisha akaurudia mkono, akatulia hapo. Akaushika kwa muda mrefu, mpaka mwanawe akaanza kuitupia macho patasi yake aliyoiacha chini.

"Na huyu?"

"Ni mimi, mama."

"Na huyu naye huondoka alfajiri?"

"Hapana, mama. Huyu haondoki. Atakuwa na wewe milele."

"Basi ninyi nendeni," mama akasema taratibu, akaketi chini pale pale, bila kuuachia ule mkono. "Mimi niacheni na huyu."

"Mama, huyo ni jiwe."

"Najua ni jiwe, mwanangu. Lakini nikimtafuta nampata."

Ndugu zangu, mtu mzima yule alilia. Mama hakumkaripia, sauti yake haikuwa na ukali hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma. Mwana akaketi kwenye vumbi la mawe, akafungua kitambaa alichofungiwa chakula na mkewe, akatoa mkate wa kweli, uliokauka kidogo pembeni, akaumega, akamtia mama mkononi. Mama akala. Kisha akampapasa mwanawe uso, akamwambia amekonda. Mambo ya mama hayo. Wakaongea habari za mbuzi, za majirani, za baba aliyetangulia, mpaka punda huko nje akachoka kusubiri.

Ukuta ule haukuisha. Mama alipofariki, miaka baadaye, mwana wa ukutani alikuwa bado hana miguu. Wambea wakasema, mchongaji mzima, kaburi la mama yake nusu nusu, haoni hata haya. Yeye alikuwa na mengi ya kukumbuka.

Sasa sisi je? Sisi kuzika tunajua. Tukifiwa, mahema yanasimama, picha ya mama inachapishwa kwenye fulana, mpiga video anaitwa, na mmoja wetu anashika kipaza sauti anasoma wasifu mpaka majirani wanatoa leso. Sisemi ni vibaya. Lakini mama huyo huyo, alipokuwa kwenye kiti chake akisimulia habari ile ile tuliyokwisha kuisikia, nani alikaa? Tulimwambia nikimaliza. Nikimaliza kujenga, nikimaliza masomo, watoto wakifunga shule. Simu tunapiga, ndiyo, tukiwa kwenye foleni, na foleni ikisogea tunakata. Tumemjengea nyumba ya bati la rangi kule kijijini, anaishi humo na dada wa kazi. Mnadhani akisikia mlango unagongwa anawaza nini? Anawaza ni wewe.

Nilikuwa na mengine ya kusema leo, nimeyaacha. Nina ombi moja tu. Yeyote ambaye mama yake au baba yake yu hai, na anaweza kumfikia leo, ainuke sasa hivi aende. Usisubiri baraka ya mwisho, huko unakokwenda utabarikiwa. Usije kunisalimia mlangoni. Nenda ukakae naye, hata kama hamna la kuongea.

Inukeni, msione haya. Na sisi ambao hatuna tena wa kumwendea, tusogee hapa mbele, tukae karibu karibu, tumalize ibada.