Mistari Arobaini ya Kobe

Watu huipenda sana methali ya leo siku wanayoshinda. Humtupia nayo aliyeanguka, kisha wakaenda zao wakicheka. Kumbe wahenga walimlenga kila anayeingia ulingoni: ukitaka kushindana, uwe tayari kukiri kwamba mwenzako amekuzidi. Pasipo hilo wewe ni mgomvi tu, hata ukipewa cheo. Aliyejifunza hayo huku kijasho chembamba kikimtoka ni mwanamke mmoja aliyeitwa Mkasi.

Jina hilo alipewa na wenzake. Walikuwa mafundi wa kompyuta kama thelathini, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, waliojitolea kutengeneza programu ambayo yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuitumia na kuirekebisha. Zahanati ziliitegemea kwa chanjo za watoto: kila asubuhi ilitoa orodha ya wazazi wa kupigiwa simu siku hiyo. Mkasi ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mradi. Akiona mstari wa msimbo, yaani wa maagizo yanayoiendesha programu, asioujua kazi yake, mkono ulimwasha mpaka aukate.

Wiki hiyo alikata mistari arobaini kwa mpigo mmoja. Kazi ya mistari hiyo ilikuwa kuhakikisha kwamba tarehe ya kompyuta ni ya kweli. "Kompyuta gani siku hizi haijui leo ni tarehe ngapi?" aliandika kwa madaha. Toleo jipya lilipangwa kwenda kwa zahanati zote Ijumaa, saa kumi alasiri.

Ijumaa saa nane, akiwa mezani kwake sebuleni, aliona pingamizi. Liliandikwa na fundi aliyejulikana kwa picha ya kobe, naye wakamwita Kobe, maana hata kuandika aliandika taratibu.

"Mistari hiyo niliiandika mimi miaka minne iliyopita. Naomba isiondolewe. Kuna mashine zinapoteza tarehe."

"Mashine za makumbusho hizo, kaka?" Mkasi akajibu.

"Za kazini, ndugu yangu."

"Miaka minne yote hakuna hata mmoja aliyelalamika!"

"Hawalalamiki kwa sababu mistari ipo."

Loo! Jibu hilo lilimchoma Mkasi, na badala ya kulitafakari akavimba. Funguo za mradi alikuwa nazo yeye. Angebonyeza mara moja tu, na Kobe angebaki akipiga kelele peke yake. Kilichomzuia ni kanuni ya sita ya mradi: hakuna kuikataa hoja ya mwenzako mara ya pili mpaka uiandike wewe mwenyewe, kwa maneno yako, naye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kanuni hiyo aliitunga Mkasi, baada ya mafundi wawili kurushiana maneno mpaka wote wakaususia mradi. Aliwabana wengine nayo bila huruma. Leo imemgeukia yeye. Mkuki kwa nguruwe!

Akaandika harakaharaka: "Kobe anasema anaipenda mistari yake."

"Sivyo nilivyosema," Kobe akajibu.

"Kobe anaogopa mabadiliko."

"Sivyo."

Mkasi akasonya. Saa ilikuwa nane na nusu. Akamkumbuka dada yake, muuguzi katika zahanati iliyotumia programu hiyohiyo, akampigia simu.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Kompyuta yenu ya mapokezi, umeme ukikatika kisha ukarudi, inaonyesha tarehe gani?"

Dada akaangua kicheko. "Ile bibi kizee? Inarudi miaka ile mimi sijaolewa! Halafu inanitolea maandishi mekundu, eti rekebisha tarehe kwanza. Hainiachii hata nifanyeje. Jana imenifanyia hivyo mara mbili."

Maandishi mekundu hayo ndiyo yaliyoletwa na mistari arobaini.

"Na yasingetokea, dada?"

"Ningejuaje, mdogo wangu? Ingesema leo hakuna mtoto wa kuitwa, nasi tungekaa tukinywa chai yetu."

Mkasi aliwaona akilini watoto wa zahanati ile wakipitwa na tarehe zao mmoja baada ya mwingine, na wauguzi wakifurahia siku nyepesi. Yote hayo kwa mkono wake, saa kumi.

"Nitakueleza, dada. Umeniokoa."

Akarudi mezani, safari hii akaandika polepole kuliko Kobe mwenyewe: "Kobe anasema: mashine iliyopoteza tarehe itadhani watoto bado hawajazaliwa. Orodha itakuwa tupu, na hakuna atakayejua kwamba kuna kosa."

"Ndivyo nilivyosema."

Sasa kanuni ilimruhusu kukataa. Mafundi wote walikuwa wakisoma. Aliona haya, lakini akaandika: "Kobe, umenishinda, na nashukuru umenishinda kabla ya saa kumi. Mabadiliko yangu nayaondoa. Na lile neno la makumbusho, naomba radhi."

Kobe akajibu: "Yameisha, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuuaga mradi. Naifuta." Kisha akaongeza: "Ila nawe hukukosea yote. Mistari ile ni mibaya, hata mimi nikiisoma naona aibu. Leta huo mkasi wako tuikate pamoja, bila kuua."

Wakakaa nayo, huyu akipunguza, huyu akikagua. Saa kumi kasorobo ilikuwa imebaki mistari kumi na miwili. Mkasi akairudisha nyuma tarehe ya kompyuta yake miaka kumi, akafungua programu. Maandishi mekundu yakatokea. Akashusha pumzi ndefu, akacheka peke yake sebuleni, kisha akalifungulia toleo jipya njia.

Kesho yake zahanati ya dada ilikatikiwa umeme asubuhi; maandishi mekundu yakatokea, dada akarekebisha tarehe, na watoto kumi na saba wakaitwa kwa tarehe yao. Kweli wahenga hawakukosea: asiyekubali kushindwa si mshindani.