Siku Kiboko Alipotazama Mbingu Mpaka Ngozi Ikapasuka

Nina kisa!
Kilete!
Kina meno?
Kina meno na mkia!

Mbona mnaitikia kama mmebeba kuni tangu alfajiri? Haya, kaeni hivyohivyo, hata waliomo kisani wamechoka. Ila msinikatize. Kisa hiki hakuna anayekijua kama mimi, na aliyewasimulia kabla yangu alikosea.

Hapo kale, Roma ilipokuwa bado ya wanyama, mji ulikuwa na vilima saba. Wanyama wadogo walikaa vilimani, mawe matupu. Chini kulikuwa na mto, na ukingo wote wa mto, udongo mweusi tifutifu, ulikuwa wa mnyama mmoja: Mzee Kiboko. Alivaa shuka jeupe lenye pindo la zambarau, na tumbo lake lilifika barazani kwanza, mwenyewe akafuata baadaye.

Kule kwenye mawe aliishi Bi Panya. Alikuwa na kibuyu cha mbegu za mtama, kimejaa, na hana pa kupanda hata punje.

Kila masika yalipokaribia, wadogo walishuka kuomba sheria: Mzee Kiboko abaki na ukingo wa kulala na kujigeuza, unaobaki wagawane wao. Kura zao zilipigwa zizini. Ukitaka, unapita mlango wa kushoto. Hutaki, unapita wa kulia.

Lakini walikuwa na mila. Mkubwa akisema, “Natazama mbingu,” hakuna kura mpaka mtazamaji aseme mbingu ni safi, au aondoke mahali pake. Na siku moja ina mtazamaji mmoja tu, labda amwachie mwingine zamu yake.

Basi mwaka wa kwanza wadogo wakashuka. Tipu tipu tipu. Kiboko akainua pua. “Natazama mbingu! Namwona mwewe. Ishara mbaya huyo.” Wadogo wakarudi. Kiboko akaingia mtoni, chubwi! Fukusi wakaingia kibuyuni.

Mwaka wa pili wakashuka. Tipu tipu tipu. “Natazama mbingu! Namwona mwewe.” Wakarudi. Chubwi! Kibuyu kikabaki nusu.

Mwaka wa tatu wakashuka. Tipu... tipu... Mnaona? Hata miguu imechoka. “Natazama mbingu!”

Bi Panya akatikisa kibuyu. Ndani mlilia kama kokoto tatu. Akageuka aende zake.

“Shoga, unakwenda wapi?” Sauti ilitoka kwenye kijiti. Alikuwa Kinyonga, ambaye alianza safari ya kuja mkutanoni wiki iliyopita.

“Nyumbani. Mzee anatazama mbingu.”

“Si atazame? Sisi tukae. Akiondoka, hakuna mtazamaji, tunapita zizini.”

Mkisikia akili ndiyo hiyo. Wadogo wote wakakaa.

“Nendeni nyumbani!” Kiboko akafoka.

“Tunakusubiri, mzee wetu,” Kinyonga akasema. “Huyo mwewe yukoje leo?”

“Yupo! Mbaya!”

Jua likapanda. Kiboko shingo juu. Jua likafika utosini. Kiboko shingo juu. Mgongo ukakauka, ngozi ikaanza: ta! Tata! Na mto ule pale, unasema shuaa, shuaa.

“Mzee, unapasuka,” Kinyonga akasema.

“Sipasuki!”

Ta!

“Mzee, mimi kwenda popote siwezi, unanijua. Nipe mimi zamu. Nitatazama hata mwaka.”

Kiboko akawaza. Jambo hilo lilimchukua muda. Mbingu ikitazamwa, kura hakuna, hata mtazamaji akiwa mjusi kama huyu. “Apa basi! Apa kwamba jicho lako halitatoka mbinguni mpaka mimi nikuruhusu. Likitoka, kila kilichofanyika leo kimevunjika.”

“Naapa. Jicho langu halitatoka.”

“Nimekuachia!” Chubwi!

Kinyonga akainua jicho la kulia, polepole, likatulia juu. Akasema, “Mbingu safi.” Kisha jicho la kushoto likashuka, polepole, likatulia zizini. “Piteni, jamani. Msisukumane.”

Wakapita mlango wa kushoto, wote. Kiboko alipotoa kichwa majini, sheria ilikuwa imepita.

“Mwongo! Uliapa jicho halitatoka!”

“Si hili hapa, mzee? Lipo juu tangu ulipoondoka. Hili jingine hukuliapisha.”

Kiboko akacheka taratibu, pfuu. “Sawa. Mimi nami sitakuruhusu kulishusha.”

Bi Panya akapanda punje zilizobaki. Zikaota. Akavuna, akapanda tena. Kila asubuhi Kiboko alichomoza pua: “Kinyonga, bado unatazama?”

“Natazama, mzee.”

“Hujachoka?”

“Nimechoka.”

“Lishushe basi bila ruhusa yangu, upumzike.”

“Asante, mzee. Kesho.”

Shamba lake Kinyonga lilibaki nyasi. Nani alilime, na jicho liko juu? Mwanzoni Bi Panya alimletea uji. Baadaye alimletea siku za sikukuu tu. Baadaye uzee ukamzidi, akafa, na mtama ukabaki.

Siku moja mjukuu wa Bi Panya, mnene kama kibuyu, akapita chini ya kijiti na mwanawe.

“Baba, huyu anatazama nini?”

“Hatazami kitu, mwanangu. Mvivu tu huyu. Ona shamba lake lilivyo.”

Kinyonga alisikia. Jicho la kushoto likawafuata mpaka walipopotelea ndani ya mtama. La kulia halikutikisika.

Funzo la kisa, na mlishike: watoto, fanyeni kazi. Msiwe kama Kinyonga, kukaa mtini kutwa kushangaa mbingu.

Kisa nimekirudisha shimoni, mkia ndani, meno ndani. Anayekitaka tena akachimbe mwenyewe, mimi nimechoka.