Nani Apande Gurudumu na Sikudhani

Hapo zamani, ingawa si zamani sana, maana mahema ya zipu yalikwisha kuwapo, palikuwa na mtu na mkewe huko Korogwe waliokuwa na nyumba nzuri ya bati. Nyumba ina milango, ina madirisha, ina vitanda. Mvikumbuke hivyo vitanda. Wenyewe waliviacha kwa hiari yao wakaenda kulala chini, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini.

Mume aliitwa Sekiondo na mke aliitwa Hidaya. Walikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Sikudhani, msichana aliyeanza kung'oka meno ya mbele. Mdogo ni Ngwali, ambaye kazi yake hapa duniani ilikuwa kuomba kupelekwa chooni.

Mwaka ule Sikudhani aliugua malaria akalazwa. Dawa akazikataa. Wakambembeleza, akakataa, wakamfokea, akakataa. Ndipo Sekiondo akamwinamia pale kitandani akamwambia, "Mwanangu, meza. Ukipona, mimi baba yako nitakupandisha lile gurudumu kubwa la Bustani ya Kipepeo." Mtoto akameza. Kesho yake akameza tena, machozi yanamtoka, lakini akameza. Akapona.

Basi kuanzia siku ile, kabla hata ya kuamkia watu, swali lake likawa moja: "Baba, gurudumu lini?" Baba anavaa viatu: "Baba, gurudumu lini?" Baba yuko msalani: "Baba, gurudumu lini?" Mtu aliyetoa ahadi kwa mgonjwa hana pa kujificha. Likizo ilipofika, Sekiondo akakubali yaishe.

Bustani ya Kipepeo iko mbali, pembeni ya jiji. Ina treni ya watoto, ina mitelezo ya maji, ina jumba la hewa la kurukia, na katikati lipo gurudumu lenyewe, viti vinaning'inia hewani. Nyumba zote za wageni za jirani zilikuwa zimejaa. Sekiondo akasema, "Nyuma ya bustani kuna uwanja wa mahema. Tutalala hemani. Watoto watafurahi." Wanawake mliopo hapa, nyinyi mnajua: mwanamume akisema watoto watafurahi, mama yao atafua.

Sekiondo akaazima hema kwa mwenzake wa kazini. Dada yake mkubwa, Shangazi Mwanahawa, aliposikia habari ya safari hakungoja kualikwa. Alifika na cherehani yake, akawashonea wote sare ya kitenge kimoja, kijani chenye miavuli ya njano. "Wote tuvae kimoja," akasema, "ili mtoto akipotea tumwone kwa mbali." Maneno hayo yawekeni mahali.

Hidaya ndiye aliyefunga mizigo. Sufuria ya pilau haikuingia kwenye begi kubwa. Akapekua, akakuta mfuko mrefu wa vyuma vyembamba. "Na hii antena ya nani?" akasema. Akausukumia uvunguni, akatia sufuria, begi likafunga vizuri.

Walipofika uwanjani wakakunjua hema. Sekiondo akatafuta vyuma. Akatafuta tena. "Mama Siku, vyuma vya hema viko wapi?"

"Vyuma gani?"

"Vyembamba, virefu, vilikuwa kwenye mfuko."

Hidaya akaitazama sufuria ya pilau. "Vilikuwa antena," akasema.

Sitawaeleza waliyoambiana, maana hapa kuna watoto. Mwisho wake walifunga kamba kwenye uzio, na katikati wakachomeka mti wa dekio waliouazima kwa mlinzi. Hema likasimama kama mtu anayeumwa kiuno, wakaingia.

Funga zipu. "Mama, kojo," Ngwali anasema. Fungua zipu. Amerudi, funga zipu. "Mama, kojo." Fungua zipu. Sisimizi wakaingia kwenye sukari. Tope likaingia kwenye mashuka. Sikudhani akaamka: "Baba, gurudumu leo?" Siku ile gurudumu lilikuwa linatengenezwa. Siku iliyofuata Ngwali aliharisha, wakashinda wote kwenye foleni ya choo badala ya foleni ya gurudumu. "Baba, gurudumu leo?" Hidaya alikuwa amechoka mpaka akawa anazijibu sufuria. Shangazi analalamika mgongo. Sekiondo bado anasema, "Lakini watoto wanafurahi." Ningekuwa mimi ndiye Hidaya, lile dekio lingepata kazi nyingine.

Ikafika siku ya mwisho, na basi la kuwarudisha linaondoka magharibi. Sekiondo akawahi foleni tangu asubuhi, akasimama juani. Hidaya akabaki hemani kukusanya vyombo. Shangazi akakaa na watoto penye jumba la kurukia. Foleni ikasogea, ikasogea. Mchana, Sekiondo amebakiza watu wachache tu mbele yake, mvua ikashuka. Mvua ile ya kumwagwa. Gurudumu likasimamishwa. Dada wa gurudumu, mwenye kipaza sauti na sauti isiyokihitaji, akatangaza kwamba ikikatika wataendelea na walewale kwa zamu zao.

Mnajua watu wetu hufanyaje kwenye foleni. Huyu akaweka kikapu, yule akaweka jiwe, mwingine akaweka chupa ya maji. Sekiondo akavua kandambili moja akaiweka kwenye nafasi yake, akakimbia na ile nyingine kumfuata mwanawe.

Kule kwenye jumba la kurukia Shangazi hakuwapo. Alikuwa wapi? Ngwali ameomba choo. Watoto walikuwa wanamiminika nje wanapiga kelele. Sekiondo akaona kitenge cha kijani chenye miavuli ya njano, akanyakua mkono, akamfunika mtoto gubigubi khanga aliyokuwa amejitanda juani, asilowe, akakimbia naye. Njiani akampa juisi. Mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante." Hapo ndipo mtu mzima na akili zake angeshtuka. Sikudhani hakuwahi kupokea kitu kwa mikono miwili tangu azaliwe. Sekiondo akafurahi tu, akajisemea kwamba hema linafundisha adabu.

Wakafika hemani. Mti wa dekio ulikuwa umevunjika. Hidaya alikuwa amesimama katikati, mikono juu, ameshikilia turubai lisianguke kwenye godoro na nguo za watoto. "Mtoto huyu hapa," Sekiondo akasema, akamsukumia ndani akatoka kuvuta kamba. Mama angemjua mwanawe hata gizani, lakini mikono yake ilikuwa nguzo. Akamwambia tu, "Kaa hapo mama, usiguse kitu." Mtoto akakaa. Hakugusa kitu. Hapo nako mtu angeshtuka.

Mvua ikakatika. Hidaya akashusha mikono. Akafunua khanga.

"Baba Siku. Huyu ni nani?"

"Si mtoto wako huyo?"

"Mtoto wangu ana pengo."

Yule mtoto akatabasamu. Meno yote yalikuwepo.

Jamani, ile hofu sitaki kuichezea. Hidaya aliita jina la mwanawe. Alitoka bila viatu. Sekiondo alikuwa anageuka hapohapo alipo, anashika kichwa. Shangazi akatokea na Ngwali mgongoni. "Siku yuko wapi?" Wakajibu wote wawili kwa kilio. Wakatazama bustani, na ndipo wakaona jambo ambalo hawakuwa wameliona. Kitenge kile kilikuwa ndicho kitenge cha mwaka. Watoto wenye miavuli ya njano walikuwa kila mahali, penye treni, penye mitelezo, penye madimbwi. Akipotea tutamwona kwa mbali! Walimwona kwa mbali, na walimwona kila upande.

Lakini Shangazi alikuwa na jambo moja. Wakati wa kushona, uzi wa kijani ulimwishia kwenye gauni la Sikudhani, akamalizia pindo kwa uzi mwekundu na hakumwambia mtu. Basi akaingia bustanini ameinama, na mgongo wake ule, anageuza pindo la kila mtoto aliyevaa kijani. Anageuza, siye. Anageuza, siye. Akina mama wakamtukana, wakamwita mchawi. Anageuza, siye.

Akafika penye turubai la familia moja kutoka Mbeya, ndugu na madada na watoto wasiohesabika, wote miavuli ya njano. Mtoto mmoja ameketi mkekani, wali mpaka kwenye nyusi. Akageuza pindo. Jekundu.

"Sikudhani!"

"Shangazi," mtoto akasema, "hapa kuna wali wa nyama."

Mwenye turubai, Mama Bupe, akashika mdomo. "Huyu si wa mdogo wangu? Nilimwona analia kwenye mvua amevaa sare yetu, nikamwingiza, nikamkausha, nikampa sahani. Mimi mtoto akininyooshea sahani natia tu." Kisha akatazama huku na huku. "Na Bupe wangu yuko wapi?" Bupe ndiye yule wa meno yote. Mpaka hapo mama yake alikuwa hajagundua.

Wakakutana wote, wakalia, wakacheka, wakaombana radhi. Wale wasichana wawili wakashikana mikono wakakataa kuachana. Na hapo kipaza sauti kikalia: gurudumu linazunguka kwa mara ya mwisho, kisha bustani inafungwa.

Wakakimbia. Na nani amewangoja mbele kabisa ya foleni? Kandambili ya Sekiondo. Watu waliisogeza kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mnyororo. Ndiyo maana sijakata tamaa na binadamu.

Dada wa gurudumu akasema, "Kiti kimoja kimebaki. Mtoto hapandi peke yake. Mtoto mmoja, mtu mzima mmoja. Nani?"

Sasa nisikilizeni. Atakayepanda atakaa. Atakaa, nasema, kitako, juu, penye upepo, hakuna zipu, hakuna kojo. Watakaobaki watafumua hema lililolowa, wataosha sufuria ya pilau, na watampeleka Ngwali chooni.

"Mimi," Sekiondo akasema. "Mimi ndiye niliyeahidi. Nimechomwa na jua tangu asubuhi, na kandambili iliyofika hapa ni yangu. Tazama mguu wangu."

"Uliahidi," Hidaya akasema, "ukaenda kumbeba mtoto wa watu! Baba Siku, umempa juisi, amekushukuru, na bado hukumtazama usoni? Mimi ndiye niliyekesha naye hospitali. Mimi nimekuwa nguzo ya nyumba ya kitambaa mpaka mikono imekufa ganzi. Siku zote hizi sijakaa chini."

"Umekuwa nguzo kwa sababu nguzo uliziacha uvunguni, wifi yangu," Shangazi akasema. "Vyuma vingekuwepo, ungegeuka ukamwona mtoto. Nani amempata? Ni mimi, na mgongo huu. Pasingekuwa na pindo langu, sasa hivi mngekuwa polisi."

"Dada, pasingekuwa na sare yako nisingekosea!" Sekiondo akasema. "Na ni wewe uliyekuwa unamlinda."

"Nilikuwa chooni na mwanao!"

"Mama," Ngwali akasema, "kojo."

Nyuma yao watu wakaanza kuguna. Dada wa gurudumu ameshika mnyororo. Sikudhani anatazama kiti, anatazama wakubwa, anatazama kiti. Mdomo wake ukaanza kucheza. Aliumeza ule uchungu wa dawa kwa ajili ya kiti hiki.

Dada akamhurumia, akainama. "Mrembo, wewe unataka kupanda na nani?"

Sikudhani akanyoosha kidole. Hakukielekeza kwa baba, wala kwa mama, wala kwa shangazi. Alimwelekezea Mama Bupe.

"Na yule mama," akasema. "Yeye hajagombana."

Ugomvi ukakatika, kwa mara ya kwanza tangu watoke Korogwe. Sekiondo akaokota kandambili yake akaishika tu. Shangazi akajishika kiuno. Hidaya maneno yale yalimwingia moyoni yakamuuma vibaya, na hakuficha. Alitazama pembeni akajifuta uso kwa kiganja chenye tope.

"Mimi?" Mama Bupe akasema. "Mimi nimefuata mwanangu tu." Lakini alikuwa mama wa watoto wasiohesabika, naye hakuwa amekaa chini siku zote hizo, na jicho lake lilikuwa limekwisha kupanda.

Haya, semeni. Na msinijibu harakaharaka kwamba mtoto amechagua, yamekwisha. Mtoto huyohuyo asubuhi alichagua kula tope. Wala msiniambie kwamba kila mmoja alikosa, basi asipande yeyote, maana Sikudhani hakukosa lolote, na akikosa mtu wa kukaa naye gurudumu litazunguka bila yeye. Aliyeahidi yupo, na kandambili yake. Aliyesimama nguzo yupo, mikono imekufa ganzi. Aliyempata yupo, mgongo umepinda. Aliyemlisha bila kuuliza ni wa nani, naye yupo. Mnyororo umefunguliwa, kiti kinaning'inia, na basi la Korogwe limeanza kupiga honi.

Je, nani alistahili kukaa pale na Sikudhani?