Maji ya Kiwiko

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Anayeuliza huaibika kwa kitambo tu. Anayeficha asilolijua hubaki nalo.

Esnath alikuwa mfuaji wa mashuka katika nyumba ya wageni mjini Makambako. Maji yalikuwa baridi kama barafu, vidole vikampasuka. Mwenye nyumba, Mama Dorosela, alikuwa ametangaza: "Atakayeelewana na wageni wa Zambia, huyo namkalisha mapokezi." Ndiyo maana kila jioni Esnath alimfunga mwanawe Oliva mgongoni, akaenda darasa la Kiingereza.

Jioni moja aliinua mkono. "Mwalimu, 'hot' ni moto, na 'warm' nayo moto. Tofauti yake nini?"

Darasa likaangua kicheko. "Mama Oliva, moto ni moto tu!" alidakia Praygod, mchemsha maji wa nyumba ileile. "Au wa kwenu Mawengi hauunguzi?"

Esnath aliona haya, lakini hakuketi. Mwalimu Fidelis hakucheka. "Mtoto unamwogesha kwa maji gani, dada?"

Swali hilo lilimrudisha kijijini Mawengi, jikoni kwa marehemu bibi yake Telesia: moshi wa kuni za miti ya miwati, ukungu mlangoni, na bibi akikunja mkono wa sweta ili achovye kiwiko kwenye beseni. "Kiwiko kikikubali, na mtoto atakubali," bibi alizoea kusema, ndipo amtie mjukuu majini.

"Yanayokubaliwa na kiwiko," alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Basi hayo ndiyo 'warm'. Sema 'warm water', 'warm milk', hata 'warm day', siku ukungu ukiondoka mkavua masweta."

Jumamosi alishuka kwenye treni mama wa Kizambia mwenye kichanga, akafikia kwa Mama Dorosela. "Warm water, please. For the baby," aliomba. Praygod akaleta ndoo ya maji ya kuchemka, kama ilivyo desturi ya huko: mgeni huchanganya mwenyewe. Mama yule hakuijua desturi hiyo, na kwa baridi ile hata pumzi hufuka mvuke, hivyo mvuke wa ndoo haukumshtua. Macho yake yakiwa kwa mtoto anayelia, akayamimina yote kwenye beseni, akamwinua mwanawe.

"No! Hot!" Esnath alidondosha mashuka, akakimbilia beseni. Akaongeza maji ya baridi, akachovya kiwiko. "Now, warm."

Mama akachovya chake. "Yes. Warm." Akamshika Esnath mkono, asiuachie.

"Jamani, ningemuunguza mtoto wa watu!" Praygod alinong'ona. "Hebu nifundishe hiyo 'warm', Mama Oliva."

"Uliza tu, kaka. Mimi sicheki."

Mama Dorosela alikuwa mlangoni, ameyaona yote. Jumatatu Esnath aliketi mapokezi, Oliva amelala mgongoni, naye ameweka mikono mikavu juu ya meza. Akatamani bibi Telesia angemwona. Hakika, kuuliza si ujinga.